Mama Halo Aliyewajibia Wote

Kama kuna mtu aliyeumbwa bila makalio ya kukalia, basi ni Mama Halo. Simsengenyi, mwenyewe anakiri. Chai anainywa wima, viatu anavaa akitembea, na mumewe, dereva wa malori, anaapa kwamba tangu amuoe hajamwona akikaa mpaka kiti kikapata joto. Siku nzima yuko kiguu na njia, simu ameibana kati ya sikio na bega, mikono ikifanya kazi nyingine. "Halo? Ndiyo, ni mimi," atasema kwa Kiingereza, halafu atataja jina la mtu mwingine kabisa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa, ile isiyo na mshahara. Za mshahara zilikuwa mbili. Asubuhi alisafisha madirisha ya jengo moja la ofisi, na kila Jumanne na Alhamisi, saa nne mpaka saa sita mchana, alifundisha Kiingereza watu wazima waliohamia mji ule kama alivyohamia yeye. Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha ghorofani katika jumba la mtaa: viti vya plastiki, ubao mweupe, na saa ya ukutani iliyosikika kuliko wanafunzi. Walikuwa kumi na wanne, kila mmoja na Kiswahili cha alikotoka. Na wote kumi na wanne, wakiulizwa namba ya simu hospitali, shuleni au kwa mwenye nyumba, waliandika namba moja tu, ya Mama Halo.

Yeye ndiye aliyewapigia na yeye ndiye aliyewapokelea. Na wala hakusema, "Napiga kwa niaba ya fulani." Thubutu! Ukisema kwa niaba unaletewa maswali, mara barua, mara sahihi. Yeye alikata njia: akawa ndiye fulani mwenyewe. Tarehe za kuzaliwa za watu kumi na wanne zilikuwa kichwani mwake. Wanawake aliwagawia sauti, huyu akisema harakaharaka, yule kwa madaha, mwingine akikohoa kidogo kabla ya kila jibu. Kwa wanaume alikuwa mke, na ndiyo maana katika kliniki moja tu alikuwa na waume watano. Mumewe aliposikia hilo alisema, "Basi na mimi niwekee miadi ya kukuona, mke wa watu." Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Lakini kilichomfikisha huko hakikuwa cha kuchekesha. Mwaka wake wa kwanza katika mji ule alimpeleka mwanawe hospitali, mtoto anawaka homa. Wakamwonyesha kiti, akakaa. Hakujua kwamba lazima kwanza uende dirisha la mapokezi useme shida yako. Alisubiri aitwe, kama mtu mwenye adabu zake, tangu asubuhi mpaka wafagiaji wakaanza kuinua viti. Alipouona mdomo wa mtoto umekauka alipiga yowe, na yowe halihitaji mkalimani, wakaja mbio. Mtoto alipona, leo amempita mama yake kwa urefu na majibu anayo. Ila Mama Halo aliapa siku ile kwamba mtu wake hatakaa tena kwenye kiti akisubiri mdomo wa kumsemea. Akajifunza Kiingereza kwa hasira. Akasoma kozi ya wiki kumi na moja, akapewa cheti, akapewa darasa. Cheti kile alikitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi.

Sasa ndipo akaja mshauri. Ofisi ya elimu ya watu wazima ilimtuma awasaidie walimu wa madarasa kama lile. Mwanamke mpole, miwani puani, sauti ya chini. Mama Halo hakuomba msaada. Kwake ule ulikuwa ukaguzi uliovishwa nguo nzuri.

Siku ya kwanza mshauri alikaa nyuma na saa yake na karatasi yenye mistari, akawa anapima tu. Kiswahili hakujua hata salamu, lakini kupima alijua. Wanafunzi walipoondoka akamsogezea Mama Halo ile karatasi.

"Dakika mia moja na ishirini," akasema. "Wanafunzi wako wamesema Kiingereza dakika sita. Na humo mna salamu za kuingia na za kuagana."

Damu ilimpanda Mama Halo mpaka masikioni. "Wananipenda," akasema.

"Naona. Hata mimi ningekupenda, unanifanyia kila kitu." Hakusema kwa kebehi, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Ukiuliza swali, hebu hesabu mpaka kumi moyoni kabla hujalijibu mwenyewe."

Kumi! Jumanne iliyofuata alimuuliza mwanafunzi mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, huingia kazini saa ngapi. Akahesabu moja, mbili, tatu, miguu ikaanza kumwasha, nne, akamjibia. Fundi akatabasamu kwa shukrani: "Ndiyo, saa hiyohiyo."

Ziara ya pili mshauri alikuja na neno jingine. Kila mwanafunzi alete simu anayotakiwa kuipiga kweli, ya kazi yake au ya nyumba yake. Apige mwenyewe, spika imewashwa, wenzake wasikilize, kisha wazungumzie palipokwama. Mama Halo akang'aka. Watu wazima hawa wataaibishwa, akasema, wana heshima zao, wengine ni wazazi wa wazazi.

"Nani hasa anayeogopa?" mshauri akauliza.

Mama Halo alichukua kitambaa akaufuta ubao ambao ulikwisha kufutwa. Ukweli ni kwamba aliogopa yeye. Wakishajua kupiga wenyewe, yeye nani? Mfuta madirisha mwenye cheti cha wiki kumi na moja, basi. Mawazo hayo alikwenda nayo nyumbani, akarudi nayo darasani, na hayakumpa nafasi ya kutulia hata kidogo.

Alhamisi ya simu ikafika, mshauri yuko nyuma na karatasi yake. Mwokaji wa mikate alianza. Alimpigia fundi bomba kuhusu sinki lililoziba. Alitoka jasho, akarudia neno moja mara sita, lakini akafanikiwa, fundi bomba akaahidi kuja. Darasa zima likapiga makofi. Mama Halo naye akapiga, huku akizunguka nyuma ya viti kama mama mwenye harusi asiyejua wapishi wamefika au la.

Ndipo Shangazi akasimama. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio tu; darasani, mtaani na kazini wote walimwita Shangazi. Alikuwa amevuka sitini, mwembamba, mkavu wa maneno, na jicho lake la kulia lilikuwa na utando mweupe wa mtoto wa jicho. La kushoto nalo lilikuwa njiani. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufua nguo za mahoteli. Zamani alipiga pasi. Alipounguza mashati mawili wakamhamishia kwenye taulo. "Taulo hata kipofu anakunja," alizoea kusema, lakini mwezi ule alikuwa amekunja chafu na safi pamoja, na msimamizi akamwambia waziwazi kwamba asipotengenezwa macho, wataagana. Miezi kumi na moja alikuwa anangoja kufanyiwa upasuaji.

Mkononi alishika barua. "Napiga hii," akasema.

Barua ile Mama Halo aliijua. Jumanne alimsomea Shangazi yeye mwenyewe: tarehe ya upasuaji imepatikana, mgonjwa athibitishe kwa simu kabla ya saa sita mchana siku ya Alhamisi, la sivyo nafasi atapewa mwingine na yeye arudi mwisho wa foleni. "Niachie mimi, Shangazi," alikuwa amemwambia. Na hakupiga. Jana yake walimpigia watu wanane, leo asubuhi watatu, akasema atapiga wakati wa mapumziko, na wakati wa mapumziko mshauri akamshikilia kwa mazungumzo. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini na tano.

"Shangazi, hiyo si ya mazoezi," akamwambia kwa Kiswahili, akinyoosha mkono. "Lete nikumalizie, wewe chagua nyingine."

"Nimefanya mazoezi nyumbani siku mbili," Shangazi akasema. "Macho ni yangu, mwalimu."

Akaiweka simu yake mezani, akabonyeza namba moja baada ya nyingine, pua karibu inagusa kioo. Muziki wa kungojea ukaanza. Jamani muziki ule! Dakika kumi ulilia, na Mama Halo akapima chumba kwa hatua, kutoka dirishani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Hatimaye karani wa kliniki akaitika.

Shangazi akasema kwa Kiingereza jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, na kwamba anathibitisha upasuaji wa jicho. Maneno yalitoka mojamoja, lakini yalitoka yote, na kwa mpangilio. Mwokaji akanyanyua dole gumba.

Kisha karani akasema, taratibu, kama anayezungumza na mwizi mstaarabu: "Samahani. Wewe si yeye."

"Mimi ndiye," Shangazi akasema.

"Yeye namjua. Tunaongea miaka mitatu sasa. Anaongea vizuri, anakohoa kidogo, na kila akipiga huniuliza habari za mgongo wangu. Tena hii si namba yake. Mambo ya mgonjwa siwezi kumpa mtu baki. Mwambie apige mwenyewe, na afanye haraka."

Simu ikakatwa.

Mmoja akacheka, akajikuta anacheka peke yake, akanyamaza. Shangazi alibaki ameishika meza kwa mikono miwili. Katika maisha yake aliwahi kunyimwa mengi, lakini kuambiwa yeye si yeye ilikuwa mara ya kwanza. "Ina maana mimi ni wewe?" akamuuliza Mama Halo. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua tu, na Mama Halo akatamani ardhi ipasuke immeze.

Saa tano na dakika thelathini na nane. Mama Halo alichomoa simu yake, na safari hii hakumwomba mtu ruhusa. Kwa haraka aliyokuwa nayo akawasha na spika, mkono ulikwisha kuzoea asubuhi ile. Muziki tena. Mshauri alikuwa ameweka kalamu chini, hapimi kitu. Dakika zikaenda. Saa sita kasoro dakika tisa karani akaitika, akaiona namba, akachangamka kabla hajasalimiwa.

"Ah, mama, ni wewe! Afadhali umepiga. Kuna mtu kapiga sasa hivi anajifanya wewe, hebu fikiria! Nimemkatia. Haya, nithibitishe tarehe yako?"

Neno moja tu lilihitajika. Ndiyo. Neno ambalo Mama Halo alikuwa amelisema kwa midomo ya watu kumi na wanne, miaka mitatu, bila kigugumizi. Akikubali, jicho limepona, kazi ya Shangazi imepona, na siku imekwisha salama. Akisema kweli, nani ajue karani atafanya nini? Huenda akafuta nafasi, huenda akawaripoti, huenda darasa likafungwa kabisa. Akawatazama. Watu kumi na watatu walikuwa wanamtazama mdomoni. Shangazi peke yake alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza habari zake zikizungumzwa chumba cha pili.

"Si mimi," Mama Halo akasema. "Mimi ni mwalimu wake. Miaka yote mitatu ni mimi niliyekuwa napiga. Uliyemkatia simu ndiye yeye mwenyewe, yuko hapa. Tafadhali usimnyang'anye nafasi, kosa si lake."

"Mgongo wangu pia ulikuwa uongo?" karani akauliza.

"Hapana. Huo nilikuuliza kweli."

"Subiri." Muziki ukarudi. Fundi wa kuchomelea akamsukumia Mama Halo kiti, hakukiona. Saa sita kasoro dakika nne karani akarudi, sauti imebadilika, ni ya kikazi tupu. Amezungumza na mkubwa wake. Nafasi haitafutwa, ila hatasikiliza jibu la mtu mwingine yeyote. Maswali yote ya kabla ya upasuaji yatarudiwa, na mgonjwa ajibu mwenyewe.

Shangazi akaivuta simu ya Mama Halo upande wake. Akajibu jina. Akajibu tarehe. Akaeleza jicho gani na analionaje: "Maziwa. Naona maziwa." Karani akamwelewa, na darasa zima likashusha pumzi.

"Dawa," karani akasema. "Hapa mwaka jana ulijibu kwamba hutumii dawa yoyote. Ni sawa?"

"Si sawa," Shangazi akasema. "Dawa ipo. Kila asubuhi. Ya damu, damu isigande. Mguu ulivimba, daktari mwingine alinipa."

Vidole vya karani vilisikika vikikimbia kwenye kompyuta, kisha vikasimama. "Hilo lazima daktari alijue kabla hajakugusa," akasema. "Lazima kabisa. Tarehe yako iko palepale, lakini Jumatatu asubuhi uje na hizo dawa, uonane na muuguzi kwanza. Kwa nini mwalimu alituambia hutumii dawa?"

Mama Halo aliikumbuka siku ile yote, mpaka rangi ya ndoo. Alikuwa juu ya ngazi, madirisha ya ghorofa ya pili, simu imebanwa begani, sabuni ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Maswali yalikuwa kumi. Akayajibu yote kwa mkupuo mmoja, hakuna, hakuna, hapana, hakuna, kwa sauti tamu yenye kikohozi, akashuka akahamisha ngazi. Shangazi wakati huo alikuwa kiwandani anakunja taulo, hajui kama kuna swali lililoulizwa.

"Sikumwambia mwalimu," Shangazi akasema kwenye simu, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. "Kosa langu. Sikumwambia."

Alisema bila kumtazama mtu, kama anayeweka kitambaa juu ya kitu kilichomwagika. Ilikuwa mara yake ya kwanza kujisemea mwenyewe katika mji ule, na alichokifanya na sauti yake ni kumfichia mwalimu wake aibu. Mama Halo hapo ndipo alipovunjika. Machozi yalimtoka mbele ya mshauri, mbele ya darasa, wala hakuyafuta.

"Jumatatu saa tatu," karani akasema. "Umeelewa?"

"Nimeelewa. Jumatatu, saa tatu. Dawa nachukua. Asante." Akatafuta kitufe cha kukatia, akakosa, mwokaji akamwonyesha.

Hakuna aliyepiga makofi. Mshauri aliinuka kutoka kiti cha nyuma, akaja mpaka katikati, akasita, akabaki amesimama hapo mikono mitupu.

"Shangazi," Mama Halo akasema kwa Kiswahili, "hukuniambia kwa sababu sikukuuliza."

"Najua, mwanangu."

"Ungeweza kufa."

"Najua," Shangazi akasema. "Na wewe ulikuwa na haraka. Kila siku una haraka na sisi."

Mama Halo akageuka kulitazama darasa. Alijua tarehe zao zote za kuzaliwa, alijua mitaa yao na namba za milango yao. Akawa anajaribu kukumbuka ngazi nyingine, madirisha mengine, maswali mengine kumi, na hakumbuki alimjibu nani kuhusu nini.

"Nani mwingine," akauliza polepole, "nimemjibia hospitali bila kumuuliza?"

Wakatazamana. Walimpenda, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kisha mwokaji akanyoosha mkono nusu, kama anaomba ruhusa ya kutoka nje. Fundi wa kuchomelea akafuata, macho chini. Halafu wawili kwa pamoja, halafu mstari mzima wa mbele. Wa mwisho kunyoosha alikuwa msusi aliyekaa karibu na mlango, mjamzito wa miezi minane.